Barua ya wazi kwa wakuu wa jumuiya za kidini Nyanda za Juu Kusini: mtumishi wa kujitolea aandaliwe kutoka akiwa bado ndani

Kwa wakuu wa mashirika, nyumba na vituo vya kidini vyenye watumishi wa kujitolea wanaoishi ndani,
Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Ruvuma.

YAH: MAANDALIZI YA WATUMISHI WA KUJITOLEA WANAORUDI URAIANI

Waheshimiwa Mababa, Mama Wakuu, Wachungaji na Wazee,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Tumetumia salamu zote mbili kwa sababu barua hii inakwenda kwenye nyumba za madhehebu tofauti, na tatizo tunaloliandikia halina dhehebu.

Sisi ni watu tunaokutana na waliotoka kwenu: walimu wa ufundi, wahasibu, wenye karakana, wanasheria, wenye nyumba za kupangisha. Mtu akishavuka lango lenu na begi lake, baada ya siku chache huwa yuko kwa mmoja wetu akiuliza kazi, chumba au namna ya kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi. Tumekwisha kuyaleta haya kwenu kwa njia ya kawaida. Tumeandika, tumekuja ofisini, tumekaribishwa chai, tumesikilizwa kwa upole na kuahidiwa maombi. Utaratibu haujabadilika. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, kwa heshima ileile tuliyokuja nayo ofisini.

Hatupingi huduma ya kujitolea. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini atapingaje? Tangu Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 na Wabenediktini walipoanza Peramiho mwaka 1898, useremala, uashi, uchapaji na ufugaji wa kisasa vimepita kwenye viwanja vya misheni kabla ya kufika vijijini. Wala hatumshawishi mtu yeyote atoke. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu kuchagua mambo ya dini, na uhuru huo unamhusu anayeingia kama unavyomhusu anayeondoka.

Tunachosema ni kimoja. Kutoka kuandaliwe wakati mtu bado ana kitanda, ana mashine mbele yake na ana msimamizi anayeijua kazi yake. Karibu kila jambo tutakalolitaja hapa chini linafanyika kwa wiki chache akiwa ndani, na linakuwa mlima akishatoka.

1. Muda na msimu wa kuondoka

Desturi iliyozoeleka ni mtu kuambiwa, au yeye mwenyewe kusema, kisha kuondoka kesho yake asubuhi kabla wenzake hawajatoka kwenye sala. Sababu inayotolewa ni kuepusha minong'ono. Matokeo yake ni kwamba anaondoka bila kukabidhi kazi, na nyumba inabaki haijui ufunguo wa stoo uko wapi wala ng'ombe yupi alipandishwa lini. Kwa hiyo hasara ni ya pande zote mbili.

Tunaomba siku 90 kati ya uamuzi na kuondoka, isipokuwa pale penye kosa la jinai au hatari kwa mtu. Siku 90 zina hesabu yake. Mwezi wa kwanza unakwenda kwenye nyaraka, wa pili kwenye tathmini ya ujuzi na kutafuta kazi, wa tatu kwenye makabidhiano na kutafuta chumba.

Halafu kuna msimu, ambao wengi hawaufikirii. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mtu anayetarajia kulima akitoka Februari amekwisha kuupoteza mwaka mzima: mashamba ya kukodi yamechukuliwa, mahindi ya wenzake yako kiunoni, na yeye atakula akiba mpaka mavuno ya mwaka unaofuata. Anayekwenda kulima atoke kati ya Julai na Septemba, apate muda wa kukodi ekari moja au mbili, kuandaa shamba na kununua mbegu kabla bei haijapanda. Anayekwenda kufundisha au kufanya kazi ya shule atoke Novemba au Desemba, kabla ya muhula wa Januari. Fundi mbao anayelenga Mafinga na viwanda vinavyozunguka msitu wa Sao Hill hana shida kubwa ya mwezi, ila barabara za msituni wakati wa masika hupunguza kazi.

2. Cheti cha utumishi

Hapa ndipo penye malalamiko mengi zaidi, na ndipo pepesi kuliko pote kurekebisha, kwa kuwa gharama yake ni karatasi moja na nusu saa ya msimamizi.

Barua wanazotoka nazo, kama wamepewa, husema hivi: fulani aliishi nasi kwa miaka kadhaa, alikuwa mtiifu, mcha Mungu, tunamtakia heri. Mwajiri wa Mwanjelwa au Makambako akisoma barua hiyo hajui kama aliye mbele yake anaweza kuendesha mashine ya randa au alikuwa anapanga maua altareni. Mbaya zaidi, barua ya namna hiyo humfanya aulize, "Sasa kilichomtoa ni nini?"

Cheti kinachofaa kiwe na mambo haya: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, wala si jina la utawa au la utani wa jumuiyani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kila kitengo alichofanya kazi na miaka yake, vifaa na mashine alizotumia, ukubwa wa kazi kwa namba, idadi ya watu aliowasimamia, fedha au stoo aliyokabidhiwa, jina la cheo na simu ya ofisi ya kuulizia. Sababu ya kuondoka isiandikwe kabisa, iwe nzuri au mbaya.

Tutoe mfano wa sentensi moja. Badala ya "alisaidia zizini kwa moyo", iandikwe: "Kuanzia Machi 2014 hadi Julai 2023 alisimamia ng'ombe wa maziwa 18, alikamua kwa mkono na kwa mashine, alitunza daftari la lita za kila siku, la chanjo na la upandishaji, na alisimamia vibarua wanne." Mfugaji yeyote wa Rungwe au Njombe akisoma sentensi hiyo atainua simu.

Kwa jikoni: alipika kwa watu wangapi kwa siku, alisimamia bajeti ya stoo kwa mwezi kiasi gani, alioka mikate mingapi. Kwa nyumba ya wageni: vyumba vingapi, alipokea malipo kwa njia gani, alitunza kitabu gani. Kwa duka la vitabu au ofisi: alitumia programu gani ya hesabu, alifunga mahesabu kila mwezi au kila mwaka. Namba hizi msimamizi anazijua leo. Akihamishwa kwenda kituo kingine mwakani, zinakwenda naye.

Kwa aliyeajiriwa, cheti cha utumishi si hisani: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Mtasema hawa hawakuajiriwa. Tutalifikia hilo mbele.

3. Ujuzi uliopo mikononi usio na karatasi

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi anajaza fomu kwenye kituo cha VETA, anapimwa kwa vitendo na kwa maswali, yanaonekana mapengo yake, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anapimwa tena na kupewa cheti. Useremala, uashi, uchomeleaji, ushonaji, ufundi magari, umeme wa majumbani na upishi ni miongoni mwa fani zinazohusika. Mbeya na Iringa kuna vyuo vya VETA, hakuna haja ya kwenda Dar es Salaam.

Linaloharibika ni hili. Fundi anapimwa akifanya kazi. Akiwa kwenu ana karakana, mbao, mashine na kazi halisi ya kuonyesha. Akishatoka ana mikono mitupu, na mwenye karakana ya mtaani hamwachii mgeni mashine yake ili apimwe. Mapengo ya mafundi wa misheni tunayajua vizuri: vitendo wako juu, lakini usomaji wa michoro, ukadiriaji wa vifaa na bei, na kanuni za usalama vinawashinda, kwa sababu ndani vipimo vilitoka kwa msimamizi na bei hazikuwahusu. Fundi aliyetengeneza madawati mazuri kwa miaka mingi anaulizwa "dawati moja bei gani?" anaduwaa. Mfundisheni kukadiria: futi za mbao, misumari, gundi, vanishi, siku za kazi, usafiri, kisha faida. Juma moja la kukaa na mhasibu wenu linatosha.

Umeme una sharti la ziada. Mtu anaweza kuwa ameweka nyaya kwenye kanisa, bweni na zahanati yenu yote, lakini mtaani mteja anayetaka kuunganishwa na TANESCO anahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hiyo haitoki bila cheti cha fani. Dereva wa trekta la shambani vilevile: akiwa ndani ya uzio hakuna anayemuuliza leseni, akifika barabara kuu ya Tunduma anaulizwa.

Na kuna ujuzi usiorasimishika. Aliyekuwa akichoma sindano na kufunga vidonda kwenye zahanati bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga hataajiriwa kama muuguzi popote, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani. Huyo aambiwe ukweli mapema, tena akiwa na umri wa kurudi chuo. Kumwacha miaka 15 akiitwa "nesi" ni kumdanganya.

4. Nyaraka, simu na barua ya mtaa

Vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinavyowekwa kwenye kabati la ofisi mtu anapoingia virudishwe kwa kusainiana, vyote, siku 90 zinapoanza. Havipaswi kungoja siku ya safari. Cheti cha NECTA kikipotelea kwenye kabati hilo, anayehangaika na taarifa ya polisi na maombi mapya ni yeye, wala si katibu wenu.

Laini ya simu iwe kwa jina lake na alama yake ya kidole. Wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la nyumba, na siku wakitoka inabaki, pamoja na namba ambayo wateja na ndugu waliijua.

TIN hutolewa na TRA bila malipo. Akaunti ya benki ifunguliwe kabla hajatoka.

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu wa ndani hawakioni. Kazi nyingi hapa kwetu, kuanzia ya ulinzi hadi ya dukani, zinadai wadhamini wawili na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Mtu aliyeishi ndani ya uzio miaka 12 balozi wa nyumba kumi hamjui, mwenyekiti hamjui, mtendaji hamjui. Akihamia mtaa mpya anaambiwa alete barua ya alikotoka, na alikotoka hakuna aliyemwandikisha. Mpelekeni mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kinachozunguka kituo chenu, aandikwe kwenye daftari la wakazi, apewe barua. Na nyumba iwe mdhamini wake mmoja kwa mwaka wa kwanza. Tunajua neno udhamini linawatisha wahasibu. Punguzeni hofu hiyo kwa kuandika kwamba mnathibitisha makazi na tabia yake kwa kipindi alichokuwa kwenu, bila kubeba deni lake lolote.

5. Fedha na vitu vya kuanzia

Nauli ya kufika kwao na fedha ya sabuni si maandalizi. Mkadiriaji yeyote mwaminifu ataona kwamba mtu anahitaji kuishi siku 90 bila mshahara: mwezi wa kutafuta kazi, mwezi wa kuifanya, na wiki kadhaa za kungoja mshahara wa kwanza ambao mara nyingi huchelewa.

Wenye nyumba hudai kodi ya miezi 3, wengine 6, kwa mkupuo. Kama chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi, hapo pekee ni 120,000 hadi 240,000 kabla hajanunua kijiko. Chakula cha mtu mmoja anayejipikia kwa mwezi: unga kilo 15, mchele kilo 8, maharage kilo 6, mafuta lita 2, sukari kilo 2, mboga na chumvi. Zidisheni kwa 3 kwa bei ya soko lenu. Vitu: godoro, blanketi mbili (Makete na Njombe mwezi Juni si mahali pa shuka moja), ndoo mbili zenye mifuniko, sufuria mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake. Nguo za kawaida, kwa sababu wengine hutoka wakiwa na sare tu. Vifaa vya fani yake: kwa seremala ni msumeno, randa ya mkono, patasi za ukubwa tofauti, nyundo, futi na kipimo cha pembe. Apewe hivyohivyo alivyovizoea, haina haja kuwa vipya.

Msitoe fedha zote kwa mkupuo. Mtu ambaye hajashika fedha yake kwa miaka ni windo: ndugu wana shida zao, matapeli wa simu wana sauti tamu, na kuna rafiki wa ghafla mwenye bodaboda ya mkataba. Zikishaisha anaangukia mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Theluthi moja apewe siku ya kuondoka, na mbili zilizobaki ziingie kwenye akaunti yake mwisho wa mwezi wa kwanza na wa pili. Na aruhusiwe kujiunga na SACCOS au VICOBA angali ndani, maana vikundi hivyo havikopeshi mgeni aliyeingia juzi.

Fedha itoke wapi? Nyumba ikitenga shilingi 10,000 kwa mtu kwa mwezi kwenye akaunti ya peke yake, kwa miaka 10 ni 1,200,000 bila hata riba. Kwa nyumba yenye watu 20 ni 200,000 kwa mwezi. Tumeona bajeti za sherehe za jubilei. Hatuongezi neno hapo.

Alicholeta mtu wakati wa kuingia, kama ng'ombe, shamba la urithi au fedha za wazazi, kiorodheshwe siku hiyohiyo na kirudi naye kwa mujibu wa maandishi. Pasipo maandishi ndipo ugomvi unapofika kwa ukoo, na ukoo huja ukiwa umekasirika.

6. Uzeeni

Pensheni ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inataka angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55 na kwa lazima 60. Chukueni mtu aliyeingia akiwa na miaka 22, akahudumu 24, akatoka na 46. Akipata ajira siku hiyohiyo, jambo ambalo halitokei, mpaka afike 60 atakuwa na miezi 168. Amekosa pensheni ya kila mwezi kwa upungufu wa miezi 12. Mwaka mmoja tu wa michango kati ya ile 24 ungemwokoa.

NSSF hupokea pia wachangiaji wa hiari na waliojiajiri, kwa hiyo kisingizio cha kwamba hana mshahara hakisimami. Mwandikisheni kila mtumishi anayevuka mwaka wa kwanza, kwa kiwango cha chini kinachokubalika, na namba ya uanachama awe nayo mwenyewe. Aliyekwisha kuvuka miaka 45 bila mchango wowote hawezi kuandaliwa kama kijana wa 28. Huyo anahitaji makubaliano ya pekee: makazi, kazi ya malipo ndani ya taasisi zenu wenyewe, au posho ya kudumu.

7. Afya

Apimwe kabla ya kutoka na apewe nakala ya majibu: masikio na mapafu kwa waliokaa kwenye mashine za mbao, mgongo kwa waliobeba, ngozi na macho kwa waliopulizia dawa kwenye viazi na kahawa. Aliyekatika vidole kwenye msumeno wenu aandikiwe taarifa ya ajali yenye tarehe na mahali. Bima iendelee hadi mwisho wa kipindi kilichokwisha kulipiwa, isikatwe siku ya kuondoka.

8. Maneno yanayomfuata

Mwajiri akipiga simu, ajibiwe yaliyo kwenye cheti, basi. Ile sauti ya "hatukumfukuza, lakini..." imewafungia watu milango kuliko ukosefu wa vyeti. Kuondoka kusitangazwe ibadani, na waliobaki wasikatazwe kumsalimu, kumpangisha au kumpa kazi.

Sasa visingizio, ambavyo tumekwisha kuvisikia vyote.

"Hawakuajiriwa, walijitolea, tena walisaini." Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali sura ya mkataba, ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa, ni sehemu ya taasisi, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anategemea taasisi kiuchumi, anapewa vifaa, anamfanyia kazi mmoja tu. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mwenye nadhiri za kitawa yuko kwenye hali tofauti na mlei wa kujitolea. Lakini someni orodha hiyo tena mkimfikiria mlei anayekamua ng'ombe wenu saa kumi alfajiri na kuuza maziwa kwa risiti ya kituo. Tunataja hili ili mlijue, kabla halijatajwa na wakili mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wanaotoka nao wajue kwamba mlango huo una muda: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa, 60 kwa migogoro mingine.

"Sheria ya Kanisa inasema anayetoka hadai kitu." Ni kweli, kwa Wakatoliki kanuni ya 702 ya mwaka 1983 inasema hivyo kuhusu watawa kwenye aya ya kwanza. Aya ya pili inaliagiza shirika limtendee anayeondoka kwa haki na upendo wa kiinjili. Mara nyingi tumesomewa ya kwanza. Na kwa walei, kanuni ya 231 inatambua haki yao ya malipo yanayostahili pamoja na hifadhi na bima. Kwa makanisa yasiyo na kanuni hizo, kuna Kumbukumbu la Torati 15, inayokataza kumwacha huru mtumishi aende mikono mitupu, na kuagiza apewe katika kundi, katika nafaka na katika zabibu. Wahubiri wanaijua sura hiyo kuliko sisi.

"Tukiwaandaa watatoka wote." Wanaotaka kutoka wanatoka hata sasa, usiku, bila cheti. Mtu anayebaki kwa sababu hana nauli wala kitambulisho, huduma yake ina thamani gani kwenu?

"Familia itampokea." Familia ya Rungwe au Kyela iliyokwisha kugawana robo ekari kwa ndugu sita itampokea kwa siku tatu. Siku ya nne ataulizwa mpango wake.

Tunachoomba

Ndani ya siku 90 tangu mtakapoipokea barua hii, kila nyumba iandike utaratibu wa kutoka usiozidi kurasa mbili, ubandikwe mahali watumishi wanapousoma bila kuomba ruhusa, na nakala apewe kila anayeingia siku ya kuingia. Utaratibu huo uwe na siku 90 za maandalizi, mfano wa cheti cha utumishi, orodha ya nyaraka zinazorudishwa, kiwango cha fedha na vitu vya kuanzia, na jina la cheo cha mtu mmoja anayewajibika. Asiwe msimamizi wa kitengo chake, kwa kuwa huyo ndiye anayepoteza mfanyakazi.

Waliotoka ndani ya miaka 5 iliyopita waandikiwe vyeti vyao sasa. Wasimamizi wao wengi bado wapo na madaftari bado yapo.

Uandikishaji NSSF uanze mwaka huu wa fedha kwa walio ndani, hata kama ni kwa awamu, mkianza na waliovuka miaka 35.

Kwa upande wetu, walimu wa ufundi walio kati yetu watakuja vituoni kuwatayarisha mafundi wenu kwa tathmini ya VETA bila malipo, mkitupa usafiri na meza. Wahasibu watawaandalia karatasi ya makadirio. Rasimu ya cheti cha utumishi ipo, mtu akiihitaji apewe leo.

Tunaomba majibu kwa maandishi. Simu na chai tunazishukuru, ila safari hii tunahitaji karatasi yenye muhuri.

Wenu katika heshima,

Tunaowapokea wanaotoka
Mbeya, Njombe na Iringa

Nakala:
Maafisa Kazi, Mbeya, Njombe na Iringa
Vyuo vya VETA, Mbeya na Iringa
Ofisi za NSSF, Mbeya na Iringa
Wazazi na walezi wa watumishi walio ndani
Watumishi wenyewe, kupitia yeyote atakayeweza kuwafikishia